Kijana Aliyeomba Siagi

Mbali na kusoma, kazi yangu pale chuo cha sheria ilikuwa kuandika jarida la wiki la habari na matukio. Profesa fulani katoa kitabu. Jaji fulani anakuja kutoa mhadhara wakati wa chakula cha mchana, na pizza itakuwepo. Kliniki ya msaada wa sheria kwa wapangaji inatafuta watu wa kujitolea. Nilizikusanya habari hizo, nikazipamba kidogo, nikazituma kila Jumatatu kwa wanafunzi na wahitimu wote, hadi wale waliohamia Florida kuzeekea juani. Ndivyo nilivyojikuta, wiki ya wahitimu kurudi chuoni, nikimsifu kwa vidole vyangu mwenyewe mwanamume niliyekuwa nikimwombea mabaya tangu theluji ya mwaka ule iyeyuke.

"Ijumaa alasiri, ukumbi mkubwa, fainali ya mahakama ya mfano, shindano letu la kutetea kesi za kubuni," niliandika. "Upande mmoja Soren Tollefson na Camilla Brandt, washindi wa kombe la majira ya kuchipua. Upande wa pili Leona Zielinski na Pakou Xiong."

Leona Zielinski ni mimi. Nililifuta neno washindi, nikalitazama pengo lake, nikalirudisha. Sikutaka mtu aseme nina kinyongo. Ninacho, tena kikubwa, ila sikuwa tayari kukitapanya kwenye jarida.

Nikaendelea na Jumamosi. Kabla ya mechi ya futiboli ya Kimarekani, wanafunzi wa mwaka wa mwisho watavuka uwanja wakiwa na kofia zao nyeusi za mviringo, kila mmoja na bakora yake, na watazirusha bakora hizo juu ya mwamba wa goli kama ilivyo desturi. Ukiidaka yako ikishuka upande wa pili, utashinda kesi yako ya kwanza. Ukiiangusha, utashindwa. Hapa Wisconsin hakuna mwanasheria atakayekwambia anaamini jambo hilo, na sijamwona hata mmoja aliyeiangusha akacheka.

Mwaka uliotangulia tulikuwa jukwaani tukiwatazama wakubwa wetu wakirusha zao. Upepo wa ziwani ulikuwa unakata masikio. Soren alinifunika na nusu ya koti lake, mkono mmoja begani kwangu, mkono mwingine umeshika soseji ndani ya mkate, akasema, "Mwakani tutakuwa pale chini. Nitadaka yako, wewe udake yangu. Halafu tunaoana, tunafungua ofisi yetu hapa hapa. Usiende kokote, Leona."

Sikwenda kokote. Kampuni moja ya mawakili Chicago ilinipigia simu mara mbili, mara ya pili kwa kunibembeleza, nikawaambia asanteni, nina mipango yangu. Mipango yangu ilikuwa Soren.

Ikafika Jumapili moja akanipeleka kwao Whitefish Bay, kwenye nyumba inayotazama ziwa. Mama yake, Bi Tollefson, naye ni mwanasheria, mhitimu wa chuo chetu, na ana namna ya kukutazama mikono. Aliniuliza baba yangu ana ng'ombe wangapi na kama bado nasaidia kukamua nikienda nyumbani. Nikasema ndiyo, nasaidia. Akaweka uma chini, akamgeukia mwanawe mbele ya meza nzima. "Lakini huyu ni rafiki wa masomo tu, siyo, Soren?"

Nikamtazama mpenzi wangu nikingoja aseme neno moja.

"Mama," alisema Soren, "nipitishie siagi."

Hilo ndilo neno alilosema. Siagi ikapitishwa. Wakati wa kuondoka Bi Tollefson alinivisha koti mwenyewe, akaniambia mimi ni msichana mwerevu na bila shaka nitapata mtu wa huko kwetu. Wiki ile ile Soren alinibwaga, na hata kwenye timu ya mahakama ya mfano akanibadilisha na Camilla Brandt, ambaye baba yake ni jaji na ambaye, nadhani, hajawahi kuulizwa habari za ng'ombe.

Nilikuwa nimefika kwenye habari ya kofia na bakora nilipoisikia sauti ya Soren mlangoni.

"Hujambo, Leona."

"Kama una tangazo, weka kwenye kisanduku," nilisema bila kugeuka.

"Si langu. Ni la mama."

Hapo nikageuka. Laiti angekuwa amekonda. Hakuwa amekonda hata kidogo. Alikuwa amevaa lile koti la kijivu nililomchagulia mimi, na macho yake yalifanya kama yanavyofanya siku zote yakiniona, yalinifikia, yakakimbia, yakarudi tena. Moyo wangu ulirukaruka kama mjinga. Niliuchukia.

"Mama yako anataka nini?"

"Mimi na Camilla..." Alitoa picha kwenye mfuko wa koti. "Itatangazwa Ijumaa, baada ya fainali, kwenye chakula cha jioni cha wahitimu. Mama anaomba iingie kwenye jarida la wiki ijayo. Na picha."

"Uchumba."

"Ndiyo."

"Na amekutuma wewe uniletee mimi."

"Alisema wewe ndiye mhariri."

"Hapo kasema kweli. Na wewe hukumwambia kitu?"

"Ningemwambia nini?"

"Chochote, Soren. Una mdomo. Majaji wanausifia."

Aliufunga mlango nyuma yake, akasogea karibu na meza. "Usifikiri nilikuwa sikupendi."

"Sifikiri. Ungekuwa hunipendi ningekusamehe upesi zaidi."

"Hata pale mezani nilikuwa nakupenda."

"Pale mezani ulikuwa unapenda siagi."

Uso ulimwiva. Kisha ukaja ule uwakili wake, ule anaouvaa akibanwa. "Sasa utanifunga kwa kitu gani, Leona? Yalikuwa maneno tu. Hatukuandikiana, hakuna pete, hakuna shahidi. Mtu akiwa na furaha husema mambo. Utanishika kwa maneno niliyosema uwanjani nikiwa na soseji mkononi?"

Niliyakariri maneno yale pale pale, neno kwa neno, maana nilikuwa sijawahi kusikia utetezi uliopangwa vizuri namna ile ukitolewa bila aibu namna ile.

"Acha picha mezani," nilimwambia. "Nitaipa nafasi nzuri."

* * *

Kesi ya fainali mwaka ule ilitungwa na profesa wa chuo kingine, na ilihusu ahadi. Mwanamume mwenye kiwanda cha jibini alimwambia mwalimu mmoja kwamba atamuoa na kiwanda watakiendesha wote. Mwalimu akaacha kazi, akauza vyombo, akahama. Mwanamume akabadili mawazo. Mwalimu akamshtaki, akashinda, na sasa mwanamume amekata rufaa. Kesi za ahadi hutungwa karibu kila mwaka, wanafunzi huzipenda kwa sababu zina mapenzi ndani. Na kila mtu chuoni alikubaliana kwamba upande wa mwalimu ndio mtamu, na anayeupata kashika kombe mkono mmoja.

Upande huamuliwa kwa sarafu. Aliyeshinda sarafu huchagua, na unaupigania upande uliopewa hata kama unakutia kichefuchefu, maana ndiyo kazi yenyewe. Jumatano tulikusanyika kwenye ofisi ya Profesa Achterberg, bibi mrefu mwenye dola ya fedha ya zamani ambayo haitumii kwa kazi nyingine.

"Leona, sema."

"Kichwa."

Sarafu ilipinduka hewani, akaipiga kiganja juu ya mkono. "Kichwa. Haya, chukua upande wako."

Camilla aliachia pumzi ya kukata tamaa. Pakou, mwenzangu kwenye timu na mwenzangu wa nyumba, alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Tunachukua upande wa mwanamume," nilisema.

Profesa alinitazama juu ya miwani. "Unaweza kurudia?"

"Wa mwenye kiwanda, Profesa. Aliyevunja ahadi."

Camilla alicheka, akasema asante sana, ya kweli kabisa kutoka moyoni. Soren hakucheka. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyesikia mlango ukifungwa nyuma yake, na aliondoka bila kuaga.

Pakou alisubiri hadi tukafika nje kwenye ngazi. "Shoga, una homa?"

"Sina."

"Basi niambie, maana ninavyoona mimi tumelitupa kombe dirishani."

"Yule mwanamume anajitetea vipi?" nilimuuliza. "Kwamba yalikuwa maneno tu. Kwamba hakuandika, hakutoa pete. Ni maneno ya Soren hayo, Pakou, aliniambia juzi ofisini. Sasa mimi nitasimama niyaseme, kwa niaba ya mteja wangu. Na Soren, akitaka kushinda, itabidi asimame mbele ya mama yake ayavunje moja moja. Aseme kwa mdomo wake kwamba mwanamume wa namna hiyo ana hatia."

Pakou aliketi kwenye ngazi. "Na akikataa kusema?"

"Atashindwa fainali mbele ya mama yake. Nitakubali hilo pia."

"Kazi je? Mimi St. Paul wananisubiri. Wewe huna mahali. Anayechukua kombe hili hakosi kazi, na hilo unalijua kuliko mimi, wewe ndiye unayeyaandika kila mwaka."

"Najua."

"Na bado unataka."

"Nataka aseme, Pakou. Nimelala na lile neno siagi miezi yote hii. Nataka aseme kitu kingine."

Alishusha pumzi, akanikamata mkono. "Mama yangu angekufungia ndani. Haya. Ila nikae pale ninapomwona mama yake Soren usoni."

* * *

Ijumaa ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Wahitimu walikuja na tai zao nyekundu, wengine wananukia samaki wa kukaanga na brandi ya mchana. Bi Tollefson alikaa safu ya mbele katikati, shingo imenyooka, na pembeni yake alikuwa ameweka mkoba kumshikia Camilla nafasi ya baadaye.

Jopo lilikuwa la majaji watatu, na katikati alikaa Jaji Duquaine kutoka Green Bay, mwanamke mfupi wa makamo ambaye mawakili wazima huenda chooni kabla ya kusimama mbele yake. Hapendi hotuba. Anauliza swali, na mwaka wa kwanza kabisa tunafundishwa namna ya kumjibu mtu wa aina yake. Unasema kwanza ndiyo au hapana. Maelezo baadaye. Anayeanza na maelezo huyo kashapotea.

Pakou alianza, akaweka msingi vizuri. Kisha nikasimama mimi.

"Waheshimiwa majaji, mteja wangu alisema maneno. Hatukatai. Lakini yalikuwa maneno tu. Hawakuandikiana. Hakuna pete. Hakuna shahidi. Mtu akiwa na furaha husema mambo, na mahakama ikianza kuwafunga watu kwa waliyosema wakiwa na furaha, hakuna atakayebaki nje."

Watu walicheka. Kwenye meza ya pili Soren alikuwa ameacha kuandika.

"Naomba nitoe mfano," nilisema.

"Toa," alisema Jaji Duquaine.

"Tuseme kuna kijana alimwambia msichana watafunga ndoa. Alimwambia uwanjani, kwenye mechi, soseji mkononi. Msichana akakataa kazi katika mji mwingine kwa ajili hiyo. Siku moja kijana yuko mezani kwa mama yake, msichana yupo hapo hapo. Mama anauliza, huyu ni rafiki wa masomo tu, siyo? Na kijana, Waheshimiwa, anaomba apitishiwe siagi."

Ukumbi uliangua kicheko. Bi Tollefson hakucheka. Niliona mkono wake ukienda shingoni, kwenye lulu zake, ukakaa hapo.

"Je, kijana huyu avutwe mahakamani kwa sababu ya siagi?" nilisema. "Tunasema hapana. Hakusema uongo. Hakukana. Alinyamaza na kula mkate wake, na kunyamaza si kosa. Akiwa huru kijana yule, basi na mteja wangu ni huru. Tunaomba rufaa ikubaliwe."

Niliketi. Chini ya meza Pakou alinigonga goti kwa goti lake.

Camilla alisimama kwa upande wao, akazungumza sheria safi na kukaa. Akasimama Soren. Alishika mimbari kwa mikono miwili, akafungua mdomo aanze alivyokuwa amejiandaa.

"Ngoja kidogo," alisema Jaji Duquaine. "Mimi bado niko kwa yule kijana wa siagi. Mwenzako wa upande wa pili anasema yuko huru. Je, alivunja ahadi?"

Soren aligeuza ukurasa wa maandishi yake.

"Bwana Tollefson?"

"Mheshimiwa, katika mazingira ya namna hiyo, inabidi kwanza tutazame..."

"Ndiyo au hapana kwanza."

Nilimtazama. Wote walikuwa wanamtazama, ila mimi peke yangu nilijua alipo. Alikuwa pale mezani tena, na mama yake alikuwa mbele yake tena, na safari hii hapakuwa na siagi. Kama angesema hapana, kesi ingekuwa yangu. Kidole chake kimoja kilikuwa kinakuna ukingo wa mimbari, kama kilivyokuwa kikikuna kiganja changu tukiwa sinema. Nilimpenda. Lazima niseme, nilimpenda hata pale nilipokuwa namchinja.

"Ndiyo," alisema.

"Eleza."

"Alivunja ahadi, Mheshimiwa. Mwenzangu anasema alinyamaza tu. Lakini yule msichana alikuwa ameketi pale akisubiri neno moja, na kijana alijua anasubiri. Hakuhitaji maandishi kujua. Hakuhitaji shahidi." Sauti ilimpasuka kidogo, akaikusanya. "Angeulizwa siku ile ile, njiani, kama amemwahidi, angesema ndiyo. Alinyamaza kwa sababu alikuwa anaogopa. Na mtu akinyamaza kwa woga, mwingine analipa gharama. Yule msichana alikuwa ameshaikataa kazi. Alikuwa ameshakaa, kwa sababu aliambiwa akae."

Hakuna aliyecheka tena. Camilla alikuwa amegeuza uso, anamtazama Soren kwa makini, kisha polepole akanitazama mimi.

"Alikuwa anamwogopa nani?" aliuliza Jaji.

"Mama yake, Mheshimiwa."

Bi Tollefson aliinuka nusu kwenye kiti, akakumbuka watu, akaketi.

"Sawa," alisema Jaji Duquaine, akiandika. "Basi mahakama imfanye nini? Imlazimishe kumuoa? Iwarudishe walipokuwa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ahadi ya namna ile ikishavunjwa mahakama haiwezi kuamuru itimizwe. Inaweza kuamuru fidia tu. Kilichokuwepo hakirudishwi kwa amri."

"Asante. Nimekuelewa vizuri sana."

Sheria ilinipa nafasi ya mwisho ya kumjibu. Nilisimama na kuufunga mkoba wangu. "Hatuna la kuongeza, Waheshimiwa. Mwenzetu amesema yote."

Kombe likaenda kwao. Makofi yalikuwa mengi, na Soren aliletewa lile kombe akalishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani.

* * *

Jaji Duquaine alinipita mlangoni akiwa anavua joho. "Binti, ulikuwa na dakika zako ukaziacha mezani. Na yule mteja wako hukumtetea, ulimuuza."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Angalau unajibu sawasawa. Mteja wa kweli usije ukamfanyia hivyo." Akaenda zake. Yalinichoma, maana alisema kweli, na kwa dakika nzima niliona aibu ambayo sikuwa nimeipigia hesabu.

Haikudumu. Bi Tollefson alikuwa anakuja.

"Umenivua nguo mbele ya watu ninaofanya nao kazi," alisema kwa sauti ya chini, akitabasamu kwa ajili ya waliokuwa wanapita.

"Sikutaja jina la mtu, Bi Tollefson. Nilitaja siagi."

"Nilikukaribisha nyumbani kwangu."

"Ndiyo. Na nyama ilikuwa nzuri."

Alinitazama mikono, kisha akajizuia, akanitazama usoni. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza. "Ile habari ya uchumba. Kwenye jarida."

"Nimeshaipanga, ukurasa wa juu kabisa. Picha imetokea vizuri."

"Iondoe."

"Kuna tatizo?"

"Iondoe, Leona," alisema, na sauti ilimwisha njiani. Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu bila kuniambia kwanza kwamba mimi ni mwerevu. Nilifurahi. Sitakudanganya, nilifurahi hadi kwenye visigino.

Soren alinikuta kwenye ngazi za nje, bila kombe. Jua lilikuwa bado lipo juu ya ziwa, na wahitimu walikuwa wanaelekea kwenye chakula kwa makundi wakipiga soga.

"Camilla ameivua pete," alisema. "Ameniuliza kama kijana wa siagi ni mimi. Nikamwambia ni mimi."

"Pole."

"Usiseme pole. Leona, kila neno pale mbele nilikuwa nakuambia wewe. Ulijua?"

"Nilijua. Ndiyo sababu nilichukua upande ule."

Ilimchukua muda kuielewa, nikaiona ikimwingia kidogo kidogo. "Ulishinda sarafu," alisema. "Ungeweza kuchukua kombe."

"Ningeweza."

"Uliliacha ili mimi niseme."

"Ili useme mbele yake."

"Basi nimesema." Alishika mkono wangu, nami sikuuondoa, joto lake nililijua mno. "Nimesema, na mama kasikia, na dunia haikuisha. Sasa simwogopi tena mtu. Rudi kwangu. Nitasema tena popote unapotaka, hata kanisani kwenu, hata mbele ya baba yako na ng'ombe wake wote. Turudi tulipokuwa."

Miezi yote ile nilikuwa nimemwandalia majibu makali, na sasa yote yalikuwa yamenitoka kichwani, nimebaki na lile moja alilonipa mwenyewe.

"Jaji alikuuliza kama mahakama iwarudishe walipokuwa."

"Leona, ile ilikuwa kesi."

"Ulijibuje?"

Aliubana mkono wangu.

"Ndiyo au hapana kwanza, Soren."

Alinitazama kwa muda mrefu. Macho yake kwa mara moja hayakukimbia, na hilo nalo liliniuma, kwamba yamejifunza kutulia leo. "Hapana," alisema.

"Umeshinda kwa jibu hilo. Nami fidia yangu nimeipata."

"Huniachii hata mlango wazi?"

Niliuchukua mkono wangu. "Nenda kale. Mama yako amekushikia nafasi."

* * *

Jumamosi tulivuka uwanja wote pamoja, kofia nyeusi na bakora, bendi inapiga, maelfu ya watu jukwaani wanapiga kelele kwa sababu mpira haujaanza na baridi inawatesa. Pakou alikuwa upande wangu wa kulia, kofia yake imemfunika hadi nyusi. Sijui Soren aliachaje mahali pake kwenye mstari, lakini tulipofika chini ya goli alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu.

"Kama tulivyosema mwaka jana," aliniambia. "Tafadhali. Hilo moja tu."

Filimbi ikalia. Bakora zikapaa zote kwa pamoja juu ya mwamba wa goli, nasi tukakimbia chini yake tukipigana vikumbo na kucheka. Yangu iliniangukia kwenye kiganja cha kushoto, nikaibana.

Yake alikuwa ameirusha juu kuliko zote, na alikuwa ameirusha kwangu. Ilishuka ikizunguka taratibu, moja kwa moja, hata mtoto angeidaka. Soren alikuwa amesimama, hakunyoosha mikono, ananitazama mimi na si bakora. Mkono wangu wa kulia ulikuwa mtupu.

Niliutia mfukoni.